Ufuko Nyuma ya Ghala

Kutoka mlangoni kwetu hadi maji ya chumvi
ni siku mbili kwa gari, usipobishana na dereva.
Hapa Saskatchewan ni ngano, ngano, reli,
kisha ngano.
Mama alizaliwa kisiwani, Newfoundland,
ambako, asema, hata mkate huamka na ukungu.
Akaolewa na Orest, baba yangu,
mtu asiyewahi kulowa kupita magoti.

Mwaka aliotimiza sitini akasema:
"Nataka ufuko. Pale, nyuma ya ghala,
mnapotupa matairi."
Hakusema kama aombaye.

Baba akaleta mchanga, lori mbili,
mchanga wa kujengea, wa kijivu, wenye mawe.
Mama akauchekecha siku nne
kwa chekeche lile lile la unga wa keki,
na keki za mwezi ule tulizila kwa uangalifu.

Uzio akaupaka buluu.
Si buluu ya kadi za posta,
buluu ya baridi, iliyougua kidogo.
Alirudi dukani mara tatu kubadilisha kopo
hadi muuzaji akamuuliza,
"Mama, unatafuta rangi au unatafuta mtu?"

Yakaja makasia mawili, ya mnada,
yaliyowahi kupiga maji ya bwawa tu.
Likaja boya la kioo, la kijani,
limefungwa ndani ya soksi za mjomba Alphonsus.
Likaja gunia la kome kwa posta,
limeiva njiani, linanuka,
na paka wa wilaya nzima wakaja kuhiji.

Bwana Wiebe, jirani, akaegemea uzio:
"Philomena, na mashua iko wapi?"
"Imeenda kuvua."
Alicheka hadi kofia ikaanguka upande wetu.

Nanga aliitengeneza Baba,
kwa chuma cha plau ya babu yake.
Nanga alikuwa ameiona kwenye vifungo vya koti, basi.
Akalehemu usiku, cheche zikiruka mlangoni,
na ncha zikapinda ndani badala ya nje.
Mama aliizunguka mara moja, kimya.
"Hii," akasema, "itashika."

Mwezi wa saba akagundua kasoro:
ufuko hauna harufu.
Akachukua chumvi ya ng'ombe, mfuko mzima,
akaimwaga kama mtu alishaye kuku.
Wiki haikuisha.
Petunia ziliinama kwanza, kisha mikarafuu,
kisha kila kitu kilichokuwa na jina kwenye pakiti.
Mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Chai niliyompelekea ilipoa mkononi mwake,
akairudisha imejaa.

Baba hakusema neno. Alichukua koleo,
akawasha gari, akaenda kule
kwenye ziwa la magadi mwisho wa shamba,
mahali anapopalaani kila masika
kwa kuwa pamemla ekari kumi na moja
na ngano haijapata kuota hapo hata kwa dawa.
Akarudi na beseni la kijimea
chekundu, kinene, kisicho na majani,
vidole vidogo vilivyojaa maji.
"Hiki," akasema, "hakifi. Nimejaribu."

Mama akavunja kidole kimoja, akakitafuna.
Akafumba macho.
"Umekitoa wapi?"
"Kwetu. Shambani."
"Hiki kilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yangu.
Tulikitia kwenye siki."
Akakitafuna tena, polepole,
kama asomaye barua mara ya pili.

Sasa ni vuli, na ufuko umewaka wekundu
hadi miguuni mwa nanga iliyopinda vibaya.
Ngano imevunwa; mabua yamelala hadi upeo.
Mama hutoka na kikombe, hutazama, husema,
"Maji yamekupwa,"
na Baba, asiyejua kujaa wala kupwa, huitikia.

Lile ziwa halitukani tena.
Hulima akilizunguka kwa mbali,
trekta imepunguza sauti,
kama mtu apitaye mlangoni kwa wakwe.